Mto wenye kelele sio lazima uwe ndo wenye spidi

Kuna siku nilikuwa kwenye basi natoka Moro kuja Dar, ilikuwa Aprili, masika yamekolea kweli kweli, tukafika daraja la Ruvu pale kabla hujaingia Mlandizi, dereva akapunguza mwendo na basi zima likageukia dirishani. Mto umejaa, rangi ya chai ya maziwa, mpana, umetulia tuli. Kijana mmoja nyuma yangu akasema huu mto umelala bwana, mngeona wa kwetu Matombo, milimani Uluguru, ule unakimbia mpaka unaogopa kuchota maji. Mzee aliyekaa dirishani akamjibu, mwanangu, maji ya huko kwenu ndo haya haya, na hapa ukiingia hutoki. Basi mjadala ukawaka mpaka Kibaha. Mama mmoja akasema ni mteremko tu, milimani maji lazima yakimbie. Mwingine akakumbuka jiografia ya sekondari, mto una hatua ya ujana, ya utu uzima na ya uzee, sasa Ruvu pale Mlandizi umeshazeeka ndo maana unajikokota. Mi nimesoma kidogo mambo ya maji nikataka kuchangia, ila basi la Moro kila mtu ni profesa, nikanyamaza. Sasa naandika.

Kwa kifupi mzee alikuwa sahihi kuliko wote, ila sababu yake hakuitoa.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya kila siku, spidi ya mto na wingi wa maji. Spidi ni maji yanasogea mita ngapi kwa sekunde moja, basi. Wingi ni maji kiasi gani yanapita mbele yako kwa sekunde hiyo moja, na hapo tunahesabu kwa mita za ujazo. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yani lile tangi jeusi la kati unaloliona juu ya nyumba za watu, na uzito wake ni tani moja. Chukua kijito cha upana wa mita 3, kina sentimita 30, maji yanatembea mita 1 kwa sekunde. Hapo kila sekunde linapita tangi moja pungufu kidogo. Afu chukua mto wa upana wa mita 50, kina mita 3, spidi ile ile ya mita 1 kwa sekunde. Hapo yanapita matangi 150. Spidi ni moja, ila kimoja unavuka umekunja suruali na mwingine unaondoka na nyumba. Kwa hiyo mtu akikwambia mto fulani una nguvu, muulize anamaanisha unakimbia au anamaanisha ni mkubwa, maana ni maswali mawili tofauti.

Sasa mteremko. Maji hayana injini, kinachoyasogeza ni uzito wao wenyewe yakitafuta pa chini, ndo ule msemo wa maji hufuata mkondo. Hapa kuna imani moja huwa inanichekesha, eti Nile ni mto wa ajabu kwa sababu unapanda juu, yani unatoka kusini kwenda kaskazini. Jamani, kaskazini iko juu kwenye ramani ya ukutani tu. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ukifika Khartoum uko kwenye mita 380 hivi, na Mediterania ni bahari yenyewe. Nile unashuka mwanzo mpaka mwisho kama mito mingine yote, ramani ingechorwa kichwa chini tungesema mito inayokwenda kusini ndo inayopanda.

Kwamba mteremko unaongeza spidi hilo halina ubishi, na kama unataka kuliona kwenye mto mmoja angalia Kongo. Kabla ya kufika Kisangani, pale Boyoma, mto unapita maporomoko saba yaliyopangana ndani ya kilomita 100 hivi na unashuka kama mita 60, boti haipiti hata kwa dawa. Ukishavuka Kisangani, mto unaenda mpaka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700, na kwa umbali wote huo unashuka takriban mita 100 tu. Ndo maana boti za mizigo zinapanda na kushuka kati ya miji hiyo miwili, watu wanaishi humo humo kwa wiki nzima, wanapika, wanauza, wanabishana.

Ila mteremko hauna nguvu kubwa kama watu wanavyodhani. Kuna injinia wa Ireland anaitwa Robert Manning, mwaka 1889 alileta fomula ambayo mpaka leo mainjinia wa maji wanaitumia, na moja ya mambo inayosema ni kwamba ukiongeza mteremko mara nne, spidi inaongezeka mara mbili tu. Ukitaka spidi mara tatu kwa mteremko peke yake, inabidi uuongeze mara tisa. Kwa nini? Kwa sababu ya breki.

Umeshawahi kushuka Kitonga nyuma ya lori? Ule mlima ni mkali kweli, kwa akili ya kawaida lori lingetakiwa lishuke kama risasi, ila linashuka taratibu kuliko baiskeli kwa sababu dereva yuko gia ndogo na breki zinanuka mpaka ndani ya gari lako. Mto wa mlimani ndo hilo lori. Una mteremko mkali lakini una breki kila hatua, majabali, mawe, mizizi, miti iliyoanguka, vidimbwi. Maji yanaruka jiwe hili yanagonga lile, yanajizungusha, yanarudi nyuma, yanatulia kidogo kwenye shimo afu yanaanza upya. Ile nguvu yote ya mteremko inaishia kwenye kugongana. Na ile kelele unayoisikia, pamoja na lile povu jeupe, ndo alama ya breki. Ni kama tairi zinavyolia mtu akifunga breki ghafla, hakuna anayesikia mlio ule akasema gari linaongeza mwendo.

Kwa hiyo kijana wa Matombo alichokuwa anakiona kwao ni maji yanayopiga kelele nyingi na yanayorukaruka, macho yanatafsiri hiyo kama spidi. Kuna sehemu sehemu, pale maji yanapochomoka kati ya mawe mawili, spidi ni kubwa kweli. Ila ukipiga wastani, ukahesabu na yale yaliyolala kwenye vidimbwi nyuma ya mawe, unakuta ni ya kawaida tu.

Sasa tunafika kwenye kitu ambacho watu wengi hawakifikirii kabisa, na ndo kikubwa kuliko vyote kwenye makala hii: kina.

Fikiria uchochoro wa Kariakoo siku za kuelekea Iddi. Uchochoro mwembamba, kila anayepita anajisugua na ukuta, au na meza ya mwenye mitandio, au na mtu anayejisugua na ukuta, yani kila mtu anazuiwa na kitu. Sasa chukua watu mara hamsini ya hao uwaweke kwenye barabara pana. Walioko pembeni bado wanajikwaa kwenye meza, ila kundi kubwa la katikati halijui hata kama kuna meza, linatembea tu. Maji ndo hivo hivo. Yanayogusa chini na kingo ndo yanayoshikwa, hayo yanawashika yaliyo juu yake, hayo nayo yanawashika ya juu zaidi, ila kila ukipanda mshiko unapungua. Kijito cha sentimita 30 maji yake yote yako karibu na mawe, hakuna anayepona. Mto wa mita 8 sehemu kubwa ya maji iko mbali na sakafu, yanateleza juu ya maji wenzake, na maji ni sakafu laini kuliko zote.

Nimekaa nikapiga hesabu kwa fomula ya Manning, mito miwili ya kubuni. Wa kwanza wa mlimani, unashuka mita 20 kwa kila kilomita, mawe tele, kina sentimita 30. Wa pili wa tambarare, unashuka sentimita 10 tu kwa kilomita, hapo kwa macho hata huwezi kujua unashuka upande gani, chini mchanga, kina mita 8. Mteremko wa kwanza ni mkubwa mara 200 kuliko wa pili. Majibu: wa mlimani mita 0.9 kwa sekunde, wa tambarare mita 1.3 kwa sekunde. Yani ule uliolala umeushinda ule unaopiga kelele. Na mita 1.3 kwa sekunde ni mwendo wa mtu anayetembea kawaida kwa miguu, unaweza ukasema mbona mdogo, ngoja tutafika kwenye nguvu yake.

Sio hesabu zangu za kubuni tu. Marekani kulikuwa na mtaalamu wa mito anaitwa Luna Leopold, mwaka 1953 alichapisha vipimo vya mito mbalimbali akaonyesha kwamba ukiteremka na mto kutoka milimani kwenda chini, spidi ya wastani kwa kawaida haipungui, inabaki pale pale au inaongezeka kidogo, pamoja na kwamba mteremko unazidi kupungua. Watu walishangaa maana wote tulifundishwa ujana na uzee wa mto. Mfano mkubwa duniani ni Amazon. Mji wa Iquitos kule Peru uko zaidi ya kilomita 3,000 kutoka baharini, lakini uko mita 100 na kidogo tu juu ya usawa wa bahari. Gawanya mwenyewe, inakuja kama sentimita 3 kwa kilomita. Kwa mteremko huo maji kwenye mtaro wa nyumbani kwako yangesimama yaote mbu. Ila Amazon una kina cha makumi ya mita, na maji yanatembea tena vizuri tu.

Ndo maana mto ule ule unabadilika spidi kati ya kiangazi na masika. Mteremko haujabadilika, mlima hauhami, kilichobadilika ni kina. Fomula inasema kina kikiongezeka mara 8 spidi inaongezeka mara 4. Mto unaovuka kiangazi maji yakiwa magotini, unauzoea, unajua pa kukanyaga, watoto wanaogelea, afu Aprili unaukuta umepanda mita tatu na unaendelea kuuchukulia kama ule ule.

Kitu kingine, hata ndani ya mto mmoja mahali pamoja maji hayana spidi moja. Chini kabisa yanakaribia kusimama, pembeni yanajivuta, ya haraka yako katikati, chini kidogo ya uso wa maji. Hiyo ni kama mto umenyooka. Ukikata kona, maji ya haraka yanahamia upande wa nje wa kona, ndo unaona upande huo kingo imeliwa, imesimama wima kama ukuta, na chini yake kuna shimo. Upande wa ndani maji yanapoa, yanatua mchanga, unapata kale kaufukwe kazuri ka kufulia.

Nataka nikae hapa kidogo kwa sababu ya zile hadithi za mto unadai mtu kila mwaka. Kila mahali nilipopita penye mto nimezisikia, kuna sehemu ambayo watu huzama, wazee wanasema pana mwenyewe, eti kila mwaka anachukua kichwa. Siwadharau wazee, wao wameona kitu cha kweli, kwamba watu wanakufa pale pale miaka na miaka. Ila nenda kaangalie pakoje. Mara nyingi utakuta ni kona, na watoto wanaingilia upande wa ndani penye mchanga, maji ya kifundo, ya goti, ya kiuno, hatua mbili zaidi chini inakatika ghafla wanaingia kwenye shimo la upande wa nje ambako ndo mkondo mkali ulipo. Shimo halihami sana, ndo maana vifo havihami.

Tuje kwenye kubana. Wote tumeosha gari kwa paipu, ukiziba nusu ya mdomo wa paipu kwa kidole gumba maji yanaruka mpaka kwa jirani. Mto ukibanwa kitu kama hicho kinatokea, maji yale yale lazima yapite, nafasi imepungua, kwa hiyo lazima yaongeze spidi. Uganda kuna mahali watu wanalipa nauli ya ndege kwenda kuona hiki kitu, Murchison, sehemu kubwa ya Nile inaingia kwenye upenyo wa mwamba wa upana wa mita 7 hivi na kushuka mita 43. Mita 7! Barabara ya njia mbili tu ni hiyo. Ukisimama pale juu ardhi inatetemeka.

Ila mfano wa paipu una kasoro moja ambayo ni muhimu. Paipu imefungwa pande zote, mto uko wazi juu. Kwa hiyo ukiubana, kabla haujaongeza spidi unapanda kwanza, maji yanajikusanya nyuma ya pale palipobana, yanainuka mpaka yapate msukumo wa kutosha kupita. Hii ndo kesi ya kila kalveti dogo na kila daraja lililoziba kwa matakataka. Upande ambao maji yanatokea mnafurika mnashangaa mto umepanda ghafla, upande wa pili wa daraja maji yanatoka kama kisu na kuchimba nguzo. Na kizuizi kikiachia ndo balaa lenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 kule Mai Mahiu, Kenya, mwanzoni watu walisema bwawa limepasuka, baadaye ikaelezwa ni maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli ambapo njia ya maji ilikuwa imeziba, tuta likaachia, yakashuka yote kwa mpigo na kuua watu zaidi ya 40 wakiwa wamelala. Hapo una kina kikubwa cha ghafla na mteremko wa bonde la ufa, vyote viwili kwa pamoja.

Breki nazo zinaweza kuondolewa na binadamu. Chukua kile kijito changu cha mlimani cha kubuni, mteremko ule ule, kina kile kile cha sentimita 30, ila toa mawe yote ukijengee mtaro wa zege laini wa upana wa mita moja. Spidi inaruka kutoka mita 0.9 mpaka mita 3 na kitu kwa sekunde. Hiyo ni spidi ya mtu mzima anayekimbia. Kwa mita kumi za kwanza mtoto aliyeteleza humo unamkosa, na hakuna pa kushika maana tumepaka plasta. Kila mvua kubwa ikipiga mijini unasikia habari ya mtoto kaondoka na mtaro na watu wanasema mtaro wenyewe mdogo vile. Udogo wa mtaro sio hoja, hoja ni kwamba hauna breki.

Kinyume chake ni majani. Sudan Kusini Nile unaingia kwenye kinamasi kikubwa cha mafunjo kinachoitwa Sudd, mto unatawanyika, unapoteza kina, mafunjo yanaushika kila upande, unatambaa kiasi kwamba karibu nusu ya maji yanayoingia yanaishia hewani kabla hayajatoka upande wa pili. Mikoko ya delta ya Rufiji inafanya kazi ya namna hiyo, matete ya kando ya mto wa kijijini kwenu nayo hivo hivo. Mtu anafyeka matete alime mchicha anaona kasafisha, kumbe kavua mto breki.

Na sasa Msimbazi, maana najua watu wa Dar mnasubiri. Kila mwaka Jangwani inajaa, barabara inafungwa, magari yanageuzia hapo, na kila mwaka nasikia ule mto una kasi sana. Nusu ya ukweli. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, ni mto mfupi, kama kilomita 35 tu mpaka baharini pale Salenda. Huko juu kuna mteremko, na njiani kote unapokea maji ya mapaa ya bati, lami na mitaro ya zege, kwa hiyo maji yanafika bondeni fasta. Ila Jangwani yenyewe ni tambarare, mita chache tu juu ya bahari, na mbele kuna bahari ambayo nayo ina ratiba yake. Mvua ikigongana na bamvua, maji ya bahari yamejaa mpaka mwisho, mto hauna pa kwenda, mteremko uliobaki ni karibu na sifuri. Spidi inakufa. Na spidi ikifa mambo mawili yanatokea, maji yanayozidi kuja nyuma yanapanda juu maana hayatoki kwa haraka, na mchanga wote uliobebwa kutoka huko juu unatua hapo hapo. Sasa mto una kina kidogo kuliko mwaka jana, kwa hiyo mwaka kesho unajaa mapema zaidi. Jangwani inafurika kwa sababu maji yanafika haraka na kuondoka polepole. Mtu anayesema dawa ni kuongeza spidi huko juu, kunyoosha mto na kuujengea kuta, anaiharakishia Jangwani mafuriko yake.

Niliahidi kuzungumzia nguvu. Maji yakiongeza spidi mara mbili, msukumo wake kwako unaongezeka mara nne, ikiwa mara tatu unaongezeka mara tisa. Kwa hesabu ya juu juu, mtu amesimama kwenye maji ya kiunoni, mkondo wa mita 1 kwa sekunde unamsukuma kama kilo 15, unaweza kusimama kwa tabu. Mita 2, kilo 60. Mita 3, kilo 135, na hapo chini ya miguu mchanga unahama. Mawe ndo usiseme, spidi ikiwa mara mbili mto unaweza kusukuma jiwe zito mara 64, ndo maana baada ya mafuriko unakuta majabali mapya uwanjani unajiuliza nani kayaleta.

Gari nalo lina shida ya ziada, linaelea. Watu wanaangalia uzito wa gari wanasahau kwamba ni boksi lenye hewa, kila maji yanavyopanda mlangoni yanalinyanyua na kupunguza uzito kwenye tairi, tairi zikikosa mshiko hata mkondo mdogo unalipeleka pembeni. Marekani idara ya hali ya hewa inawaambia madereva kwamba maji yanayotembea ya kina cha sentimita 30 yanatosha kubeba magari madogo mengi, na sentimita 60 yanabeba hata yale makubwa ya kifahari na pikapu. Sentimita 30 ni rula ya mwanafunzi. Tarehe 4 Desemba 2021 huko Mwingi, Kitui, basi lilijaribu kuvuka mto Enziu likiwa na wanakwaya wanaenda harusini, maji yamepita juu ya barabara, watu wamesimama kando wanaangalia. Likasukumwa, likalala, likazama. Walikufa zaidi ya 30. Video ipo, mi niliiangalia mara moja sikurudia, na kinachouma ni kwamba dakika za mwanzo maji yanaonekana ya kawaida kabisa, hayana povu, hayarushi kitu.

Halafu kuna swali la makorongo, watu wa Dodoma na Arusha mnalijua. Umekaa kwenye korongo kavu, jua linawaka, hapa haijanyesha hata tone, mara unasikia mngurumo maji yanakuja kama ukuta. Mvua imepiga huko juu kilomita nyingi. Kinachoshangaza ni kwamba hilo wimbi la mafuriko haliji kidogo kidogo, linakuja limesimama. Sababu ni ile ile ya kina, maji ya nyuma ni ya kina zaidi kwa hiyo yanakimbia zaidi, yanayakuta ya mbele yaliyoshikwa na mchanga mkavu, yanayapanda mgongoni. Sehemu ya mbele inazidi kusimama. Ukiliona limefika hapo hakuna kukimbia kufuata korongo, unapanda pembeni.

Kama bado unabishana na mtu kuhusu mto wa kwenu na wa kwao, pimeni. Tafuta sehemu iliyonyooka, simama kando pakavu, msisogelee kingo iliyoliwa. Pima mita 20 kwa hatua au kamba, mwenzako akae mwanzo, wewe mwisho na simu yenye saa ya kuhesabu. Anarusha chungwa katikati ya mto, kabla kidogo ya alama ya kwanza, likipita alama anapiga kelele, wewe unahesabu mpaka likufikie. Gawanya 20 kwa sekunde ulizopata, afu zidisha kwa 0.85, maana uso wa maji unakimbia kuliko wastani wa mto mzima. Rudieni mara tatu nne. Chungwa ni zuri kwa sababu linazama karibu lote, linabaki kipara tu juu, upepo haulipati. Ndala haifai, upepo unaisukuma na kukudanganya, na nazi kavu nayo inapanda juu sana. Chungwa lililomenywa usitumie, linazama na mnabaki mnaangaliana.